Santuri za Bwana Afya

Kwa Bwana Afya hukuwa unaingia hivi hivi. Ulivua viatu barazani, ukanawa mikono kwa sabuni kwenye ndoo ya koki, ukajifuta kwa taulo lake, si kwa kanga yako, kisha ukajikung'uta vumbi pale mlangoni, mbele na nyuma, yeye amesimama anakutazama. Ukimaliza ndipo anasema, "Karibu. Keti pale. Usitembeetembee." Mara ya kwanza nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka, basi nikaketi.

Namwita Bwana Afya kwa kuwa ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, mpaka watoto wa chekechea, ingawa kazi yenyewe alikuwa ameistaafu kabla mimi sijahamia upande ule wa Karatu. Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani mara mbili, na mara zote mbili msomaji alilikosea. Habari za ukoo wake na alikozaliwa waulizwe wengine. Mimi nilijua kile kilichoonekana juu ya ua wa michongoma, maana tulipakana miaka kumi na minne: mzee mrefu, mkavu, sweta la kijivu Januari mpaka Desemba, na nyumba yenye madirisha yasiyofunguliwa.

Madirisha hayo yalitusumbua. Huyu ni mtu aliyezunguka na pikipiki ya serikali miaka na miaka, Endabash, Mang'ola, mpaka huko Arash na Engaresero, akihubiri fungueni madirisha, hewa iingie, kifua kikuu kitoke. Halafu yeye kwake kafunga. Wengine walisema ana mgonjwa ndani. Wengine wakasema ana mambo yake, na wakiulizwa mambo gani, wanakonyezana. Kumbe ana santuri.

Kwa mliozaliwa juzi, santuri ni ile sahani nyeusi ya muziki wa zamani. Unailaza kwenye gramafoni, inazunguka, sindano inapita kwenye mistari yake, wimbo unatoka. Yeye alikuwa na kabati zima la vitu hivyo, sebuleni, toka kona hadi kona. Bendi za dansi, kwaya, taarabu kidogo, na za Kizungu za vinanda alizozipata kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, wenyewe walipofunga virago. Hakuwa mpiga muziki. Hata kanisani hakuimba, alifungua kitabu tu akakitazama.

Nilimjua kwa njia ya kazi. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Marangu, nililetwa Karatu na mume wangu aliyekuwa dereva wa watalii, akafa akaniacha na cherehani na mtoto mmoja, Neema, ambaye sasa yuko Dodoma na ana simu yenye chaji kila siku isipokuwa Jumapili ninapompigia. Basi siku moja Bwana Afya akaja dukani na kipande cha boksi alichokikata kwa kipimo. Anataka pazia la kabati, la dirisha la sebule, na vifuniko vya kitambaa. Nikamtolea tetroni nzuri inayong'aa. Akaishika kwa vidole viwili, akaisugua kwenye mkono wa sweta lake, kisha akaishusha juu ya meza yangu ya kukatia. Vipande vya nyuzi vyote vilivyokuwa mezani vikarukia kwenye kitambaa.

"Umeona?" akasema. "Kitambaa hiki kinaita vumbi."

Akataka pamba tupu, tena niifue mara mbili kabla ya kushona, wanga wa dukani utoke. Nikamwuliza kama hizo nguo ni za mtoto mchanga. Akafikiri kidogo, akasema mtoto mchanga ana mama wa kumwangalia. Nikajua hapa nimepata mteja.

Karatu, usisahau, ni mji wa adui wawili. Kiangazi ni vumbi. Barabara ya lami inapita kule juu kwenda getini Ngorongoro na watalii wake, lakini mitaa yetu haijaonja lami, na kila gari linalochepuka linatuachia wingu jekundu linaloingia hata kwenye chumvi. Halafu unakuja msimu wa ukungu, asubuhi huoni mbuzi wako mwenyewe, kuta zinatoka jasho, viatu kabatini vinaota kuvu. Vumbi linakwaruza santuri, unyevu unaoza makava yake ya karatasi. Bwana Afya alipigana na wote wawili kwa silaha alizozijua kazini, yaani sabuni, ratiba na vitisho.

Kabati lilisimama mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, ili jasho la ukuta lisilifikie. Miguu yake minne iliwekwa ndani ya makopo ya oili chafu, mchwa wasipande. Pembeni aliweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa. Yeye aliviomba maduka yote ya viatu, na kila mwezi alivikausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo kisha akavirudisha kazini. Ndani ya kabati santuri zote zilisimama wima, hazikulazwa wala kuegemea. "Mgonjwa ndiye analala," alisema. Ukizirundika, ya chini inabeba uzito wa wenzake na kupinda. Ukizisimamisha kwa kulegea nazo zinapinda. Lazima zibanane kiasi, kama waumini Jumapili ya Matawi.

Kuziosha ilikuwa ibada. Alitumia maji ya betri, yale masafi ya kuongezea kwenye betri ya gari, kwa sababu maji yetu ya bomba yana chumvi inayobaki kwenye mistari. Sabuni tone moja. Kipande cha flana, akifuata mzunguko, bila kuukata. Kisha aliisimamisha santuri kwenye kile kichanja cha waya cha kuanikia vyombo, kivulini, ikajikaushe polepole yenyewe. Alikuwa na kichanja kimoja tu, na kilikuwa cha santuri.

Vyombo vyenyewe je? Hapo ndipo pa kucheka. Jiko la Bwana Afya lilikuwa aibu. Sufuria ya uji ya juzi, kikombe kimoja kilichobadilika rangi, panya wanapita wakiamkiana. Mtu aliyefunga hoteli za watu kwa sababu ya inzi wawili! Na choo chake kilikuwa na gunia badala ya mlango, yeye aliyepiga faini vijiji vizima kwa ajili ya milango ya vyoo. Nilimwambia siku moja, kwa upole wangu wa Kimarangu usio mpole sana, kwamba angejikagua mwenyewe angejifunga. Akajibu kwamba yeye huumwa na kupona, lakini santuri ikikwaruzwa haiponi. Baada ya hapo nikawa nampelekea ndizi na maharage jioni, kwenye bakuli lenye kifuniko, na alinirudishia bakuli likiwa halijaoshwa vizuri.

Kila santuri ilikuwa na kadi. Si kadi nyingine, ni kadi za kliniki, zile za watoto, za zamani, zilizobaki ofisini karatasi mpya zilipokuja. Pale pa jina la mtoto aliandika jina la wimbo. Pale pa chanjo aliandika tarehe za kuoshwa. Na kwenye nafasi ya mahudhurio aliandika siku iliyopigwa. Nilipoanza kusoma kadi hizo niligundua jambo: kila santuri ilipigwa mara moja kwa mwaka. Nikahesabu kichwani, nikaona kuna jioni nyingi mzee huyu ameketi mbele ya kabati la nyimbo na hakuna hata mmoja ambao zamu yake imefika.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema kila sindano inapopita inakula kidogo.

"Sasa unamtunzia nani?"

Alichukua flana akafuta mahali palipokuwa pasafi. Binti yake yuko Mwanza, ameolewa, ana simu ambayo ina nyimbo zote za dunia ndani yake. Alikwisha kumwambia baba yake auze zile takataka kwa wenye mahoteli ya watalii, wanazipigilia ukutani kama mapambo. Kupigilia msumari! Alinisimulia hilo mara tatu, na mara zote tatu aliishia kwenye msumari.

Lakini msidhani alikuwa mtu baridi. Kuna hadithi ya Piyaya, aliyoisimulia mara moja tu. Enzi za kazi alikwenda kule kuchanja watoto, akaingia boma moja kukaribishwa maziwa, akakuta chungu kimefunikwa kwa santuri. Mama mwenye boma alisema kifuniko hicho ni kizuri, hakivunjiki na kinakaa sawa. Bwana Afya akasahau chanjo. Akamwomba. Mama akacheka, akamwuliza atafunika na nini maziwa yake. Basi akavua koti lake la mvua, la serikali, akamwachia, kwa kuwa lingefaa watoto wakichunga, na kifuniko akamtengenezea kwa ubao wa sanduku la dawa. Njiani kurudi mvua ikamkuta Malanja, nyanda za juu, baridi ya kukata masikio. Aliiweka santuri kifuani chini ya shati, akaendesha pikipiki hivyo, akafika na homa ya mapafu iliyomlaza wiki nzima. Santuri ilifika kavu. Aliiosha, akaipiga, ikawa ni mahubiri ya Kijerumani. Hajui Kijerumani. Akaiandikia kadi.

Siku alizonikaribisha kusikiliza zilikuwa chache na nilizipenda, nisiseme uongo. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Kwake angalau kulikuwa na sauti. Tuliketi viti viwili, mikono magotini, kama tuko kwa mkuu wa shule, na bendi inapiga dansi la kufufua wafu. Mguu wangu ukianza kuitikia, bila kugeuza kichwa alisema:

"Nani anatembea?"

Hilo lilikuwa neno lake. Sakafu ya sebule ile ilikuwa ya mbao, nyumba ya kizamani, na ukikanyaga kwa nguvu mbao zilitikisa meza, meza ikatikisa gramafoni, sindano ikaruka na kukwaruza. Paka akipita: nani anatembea? Nikienda kunywa maji: nani anatembea? Mahali pekee Karatu ambapo dansi lilikatazwa palikuwa nyumba ile yenye madansi yote.

Alasiri moja umeme ulikatika wimbo ukiwa katikati. Sauti ikazama ikawa nzito, ikafa. Tukabaki tumekaa. Nadhani ni ule ukimya uliomlegeza ulimi. Akasema kuna santuri moja ambayo haimo kabatini. Imo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda chake, lenye kufuli. Waliinunua Arusha, yeye na marehemu mkewe, walipokuwa bado wageni katika ndoa, kwa kuwa ndio wimbo waliochezea siku walipojuana. Walifika nayo nyumbani, akaiweka, na mkewe akasimama akaanza kucheza pale pale sebuleni, bila kuambiwa. Mbao zikatikisika. Sindano ikaruka ikachora mkwaruzo toka ukingoni hadi katikati.

"Nilimfokea," akasema.

Akanionyesha kwa kidole mbao zile zile.

"Akakaa. Hakucheza tena ndani ya nyumba hii."

Nikamwuliza mkewe aliishi muda gani baada ya siku hiyo. Akasema miaka kumi na miwili. Umeme ukarudi, gramafoni ikaanza kuzunguka yenyewe polepole, akainuka akainyanyua sindano. Jioni ile nilipika ndizi nyingi kuliko kawaida na sikuweza kuzila.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa maana nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka juzi, kipindi cha ukungu, kifua kilimshika tena, wakamlaza hospitali. Kabla gari halijaondoka alinipa funguo za nyumba. Si ndugu wa kanisani, si binti yake aliyekuwa njiani kutoka Mwanza kuja kumwuguza huko hospitalini. Mimi. Akaniambia kwa sauti iliyokatikakatika niangalie makopo ya oili na nikaushe vile vipakiti. Nikamwambia alale, asiwe na wasiwasi, mimi si mtoto.

Wiki ya kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa. Wiki ya pili mvua ya manyunyu haikukoma, na nilipofungua mlango nikasikia harufu, ile ya nguo zilizokunjwa mbichi. Rafu ya chini makava yalikuwa yameota madoa meupe. Moyo ulinipasuka. Nikawaza mzee akirudi akakuta hivi, kifua hakitamuua, hiki ndicho kitakachomuua. Na asubuhi iliyofuata, kama kwa makusudi, ukungu ukapasuka na jua likawaka, jua lile la Karatu linalokuja likiwa na deni la mwezi mzima.

Unajua sisi watu wa huku jua likitoka baada ya manyunyu tunafanya nini. Mtaa mzima unatoka nje. Magodoro juu ya ua, mablanketi, maharage, mahindi, viatu, Biblia iliyolowa. Kilichopata unyevu kinaanikwa. Mama yangu alinifundisha hivyo na mama yake alimfundisha yeye, wala hakuna dawa nyingine ya kuvu tuijuayo. Nilitandika turubai langu la maharage uani kwake. Nikazitoa santuri za rafu ya chini, arobaini na kitu, nikazivua makava, kwa kuwa maharage nayo huyaaniki yakiwa kwenye gunia, nikazilaza moja moja. Nilizishika kwa kingo tu, kama alivyonifundisha! Nilinawa mikono kwanza! Kisha nikarudi dukani, kulikuwa na gauni la harusi linaningoja.

Niliporudi saa saba, hakukuwa na hata moja iliyolala sawa. Zilikuwa zimejikunja kingo, nyingine zimevimba katikati, kama chapati zikiwa kikaangoni. Nilipoishika moja ilikuwa laini. Niliketi chini kwenye turubai nikalia kwa sauti, na jirani wa upande wa pili akauliza juu ya ua kama Bwana Afya amefariki.

Nilijaribu kurekebisha, na hapo nikaongeza kosa. Nilizilaza chini ya godoro, juu nikaweka cherehani la zamani. Moja ikapasuka. Nyingine zikabaki na mawimbi yale yale, sasa yamekakamaa.

Aliporudi nilimpokea getini. Nilikuwa nimejipangia maneno siku tisa. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Mzee, nimezianika juani." Alisimama akiegemea fimbo mpya. Akaingia. Akavua viatu, akanawa mikono, akajikung'uta, hata siku ile. Akachukua moja akaiweka usawa wa jicho, akaitazama kwa ubavu kwa muda mrefu. Kisha ya pili. Hakufoka. Laiti angefoka. Alinyoosha kiganja, nikaelewa, nikamrudishia funguo.

Wiki tatu hatukusalimiana. Alifunga hata lile dirisha dogo la jikoni, la pekee alilokuwa akiliacha wazi. Bakuli langu nililiacha barazani kwake kila jioni na kulikuta pale pale asubuhi, chakula kimeganda. Neema aliponipigia akaniuliza mbona sauti yangu hivyo, nikasema mafua. Ningemweleza nini? Kwamba kwenye mji huu mzima nilikuwa na kiti kimoja cha kukalia, na nimekichoma mwenyewe? Nilikuwa nashona nikiwa nimegeuza mgongo upande wa ua wake.

Kisha alasiri moja, nikiwa nashona sare za kwaya, nikasikia muziki. Mwanzoni nikadhani ni redio mbovu. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka, mwimbaji anayumba kama mlevi anayetembea njia aijuayo. Nikatoka. Dirisha la sebule la Bwana Afya, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu pale, lilikuwa wazi, pazia la pamba nililoshona mimi linapepea nje. Nikavuka ua bila kufikiri, nikavua viatu, nikanawa mikono.

Alikuwa ameketi. Kwenye gramafoni ilizunguka mojawapo ya zile zilizopinda, na sindano ilipanda kilima ikashuka bonde, ikapanda ikashuka. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikakaa kwenye kiti changu. Ubavuni mwake kulikuwa na rundo la kadi za kliniki za zile nilizoziharibu, na kwenye kila moja, chini ya tarehe zake za mwaka kwa mwaka, alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kazini: *Imepinda. Isikilizwe 1x3.* Kama dawa, asubuhi, mchana na jioni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka uliofuata. Zile nzima alizitunza kama zamani, mara moja kwa mwaka, madirisha yamefungwa. Zile mbovu zilipigwa kwa zamu, kutwa mara tatu, dirisha wazi, vumbi liingie likitaka. Wapita njia walisimama. Mama muuza vitunguu alishusha beseni lake pale barazani akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka akiimba kwa kuyumba vile vile. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichoma, kwa sababu niliipata kwa hasara yake.  Bakuli lilianza kurudi tupu.

Mwaka huu kifua kilikataa kabisa ukungu. Binti yake akaja akasema safari hii baba anakwenda Mwanza, kuna joto, na hakuna mjadala. Anaishi ghorofani na watoto watatu wadogo. Kabati lile halipandi ngazi. Bwana Afya hakubisha. Alitumia siku zake za mwisho kunifundisha. Alinikalisha kama karani mgeni, akanionyesha tena makopo, vipakiti, flana, tone moja la sabuni. Kisha akanipa funguo za nyumba mara ya pili. Nilikataa kuzipokea. Akaziweka kwenye meza yangu ya kukatia, kati ya mkasi na chaki, akaondoka.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, aliniita juu ya ua. Nilivua viatu nikanawa. Sebule ilikuwa imepangwa, sanduku la safari limefungwa mlangoni, binti yake ametoka kwenda sokoni. Dirisha lilikuwa wazi. Juu ya meza, karibu na gramafoni, palikuwa na santuri iliyofungwa kwenye kitambaa cha gauni la maua, la mtindo wa zamani. Aliifungua taratibu. Hakukuwa na kadi.

"Hii nayo iliharibika," akasema. "Siku ile ya jua."

Nilitaka kubisha. Mimi nilitoa za rafu ya chini tu. Sanduku la bati lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake hakuwahi kunipa. Nikamtazama, naye akanitazama, macho yale ya ukaguzi, makavu, yananingoja.

"Nisamehe, mzee," nikasema.

"Basi tena. Kitu kikishaharibika kinachezwa."

Akaiweka. Ikaanza kuzunguka na mimi nikaitazama kwa ubavu kama alivyonifundisha. Ilikuwa imelala sawa kama maji ndani ya beseni. Sindano haikupanda wala kushuka. Ila kila mzunguko ilikutana na ule mkwaruzo wa zamani, ikagonga, tak, na wimbo ukaendelea. Magitaa yalikuja kwanza, kisha ngoma, kisha sauti ya mwanaume kijana sana.

Bwana Afya aliegemeza fimbo ukutani. Akasimama katikati ya sebule yake kwa soksi zenye tundu, mikono imeinuliwa kidogo, kama mtu anayepima nguo. Nikajua alikuwa anapima kimo cha nani. Akabaki hivyo mpaka ubeti wa kwanza ukaisha.

"Mama Neema," akasema, "simama."

Nikasimama. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa baridi begani mwangu. Alianza na mguu wa kushoto, akakanyaga kwa uzito wake wote, nami nikafuata. Mbao zikalia. Meza ikatikisika na sindano ikaruka, ikakwaruza, ikatua mbele zaidi, na hakuna aliyeuliza nani anatembea.